Injini Ilikufa kwa Nini?



Leo nina neno na mwenye gari la kasi lililokula miaka. Unajijua. Gari lako ni Subaru Impreza WRX ya miaka ya tisini, au Forester ya turbo, au Mitsubishi Evolution. Sasa hivi limelala nyuma ya nyumba kule Kangemi, au kwa fundi pale Dagoretti Corner, au chini ya turubai huko Lavington, kwa sababu injini imenoki. Umeambiwa una njia mbili. Ya kwanza, injini yako ifunguliwe yote, isafishwe, ipimwe, ijengwe upya. Ya pili, uteremke mjini ununue injini nyingine iliyotumika, ile tuitayo eksi-Japani, ifungwe, uondoke nayo. Ufanyeje?

Jibu linalotolewa upesi hapa Nairobi ni moja: nunua nyingine. Mimi leo nataka kuitetea njia ya kwanza. Siitetei kwa kila gari, na baadaye nitawaambia ni wakati gani njia ya pili ndiyo ya busara. Lakini hata kabla hujachagua, kuna swali linalotangulia, na nitalirudia mpaka mlikariri: injini ilikufa kwa nini?

Kwanza niruhusuni niseme kwa nini magari haya tunayapenda hivi. Mwaka 1994 Patrick Njiru, Mkenya mwenzetu, alimaliza Safari Rally katika nafasi ya nne akiendesha Subaru Impreza, na magari yaliyomtangulia yalikuwa na madereva wa kutisha. Mwaka 1997 Colin McRae wa Uskoti akashinda Safari kwa Impreza. Mwaka 2000 Richard Burns wa Uingereza akaishinda tena kwa Impreza. Watoto waliosimama kando ya barabara za vumbi wakiyaona magari yale ya buluu yakipita, leo ni watu wazima wenye mishahara, na wengi wao walipoanza kupata pesa walijua wanataka gari gani. Hata ule mdundo wake unaoutambua kabla gari halijatokea kwenye kona una sababu yake: mabomba yanayotoa moshi kwenye silinda za kulia na za kushoto hayalingani urefu, basi moshi hautoki kwa mpigo ulio sawa. Mtu anayesema gari ni chuma tu hajawahi kusimama Ngong Road jioni akausikia mdundo ule ukija.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wauzaji hawalitaji sana. Injini hizi za Subaru ni za ukoo uitwao EJ. Ukoo huu ulianza mwaka 1989 kwenye gari la Legacy. WRX ya kwanza ikaja mwaka 1992 na injini ya lita mbili yenye turbo, EJ20. Injini hiyo iliendelea kutengenezwa, ikirekebishwa hapa na pale, mpaka Subaru ilipotangaza mwaka 2019 toleo la mwisho la magari 555 huko Japani na kuifunga hadithi yake. Tena sheria yetu hairuhusu kuingiza nchini gari lililozidi miaka minane. Kwa hiyo zile Impreza za miaka ya tisini hazitakuja nyingine. Tulizo nazo ndizo hizi hizi.

Na injini za mtumba je? Piga hesabu nami. Injini ya turbo iliyotoka kwenye gari la mwaka 1998 ina zaidi ya robo karne. Mpira wake wa kuzuia oili una robo karne. Beringi zake zina robo karne. Anayekuuzia anaiita mpya kwa maana ya kwamba haijawahi kukanyaga Kenya, lakini umri wake ni ule ule wa injini uliyoiua. Ulipokuwa ukinunua injini ya mtumba mwaka 2006, ulikuwa unanunua kitu cha miaka minane. Leo hali imegeuka, na ushauri wetu bado ni wa mwaka 2006.

Sisemi haya kuwadharau wauza vipuri wa barabara ya Grogan. Barabara ile ilibandikwa jina Kirinyaga Road miaka mingi iliyopita, lakini jina la Ewart Grogan, yule Mwingereza aliyetembea kutoka Cape hadi Cairo mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, halijatoka midomoni mwetu. Ukishuka Grogan asubuhi na taa ya nyuma iliyovunjika, utapanda nayo nzima kabla ya chakula cha mchana. Kuna vijana pale wanaoweza kuitambua giaboksi kwa kuitazama tu kutoka ng'ambo ya barabara. Mji huu unakwenda kwa sababu yao. Lakini mwenye duka hawezi kukwambia injini aliyoipokea ndani ya kontena iliendeshwa na nani, ilibadilishwa oili mara ngapi, wala kwa nini ilitolewa kwenye gari lake la kwanza. Hajui. Na wewe hujui.

Basi turudi kwenye swali letu. Injini ilikufa kwa nini?

Daktari hampasui mgonjwa kabla hajampima, na injini ni vivyo hivyo. Kabla fundi hajashika spana, akueleze dalili, nawe umweleze ukweli wote. Je, taa ya oili iliwaka ukaendelea kuendesha? Je, mshale wa joto ulipanda kwenye msongamano wa Ngong Road ukasema nitafika tu? Je, uliongeza presha ya turbo kwa kifaa cha kununua bila mtu kuirekebisha kompyuta ya gari? Sema. Mficha uchi hazai. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokwisha, wenye harufu tamutamu, ni maji ya radieta yanayoingia kwenye silinda. Mapovu kwenye kichupa cha maji injini inapounguruma ni gasketi ya hedi. Na ule mlio mzito wa kugonga kutoka tumboni mwa injini, unaofuata mwendo wako unapokanyaga na kuachia, mara nyingi ni beringi za konrodi.

Halafu ipimwe kompresheni. Hapa nataka mnisikilize kwa makini, maana jambo hili limewapotezea watu wa Nairobi injini nzima zisizo na ugonjwa. Kitabu cha gari kinakupa kipimo cha kompresheni, na kipimo hicho kwa kawaida ni cha usawa wa bahari. Sisi hatuko Mombasa. Jiji letu liko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na ukipanda Kikuyu na Limuru unazidi hapo. Hewa yetu ni nyepesi, presha yake ni kama asilimia 80 na kidogo ya ile ya pwani. Kwa hiyo geji itasoma chini hata kama injini ni nzima kabisa. Fundi akikishika kitabu na kukwambia injini imeisha kwa sababu namba ni ndogo, mwulize: silinda nne zimelingana? Kulingana ndiko kunakohesabiwa. Tatu zikisoma sawa na moja ikawa chini sana, hapo una ugonjwa. Zote nne zikiwa chini kidogo na zinakaribiana, pengine huna ugonjwa wowote wa pistoni, una mwinuko wa Nairobi.

Narudia: tazama kulingana kwa silinda, usiitazame namba peke yake.

Tuseme sasa umepima na umethibitisha kwamba beringi zimekwenda. Kuijenga upya EJ20 kunataka nini? Kwenye injini nyingi za Toyota, zile zilizosimama wima, fundi anaweza kulala chini ya gari, akafungua bakuli la oili, akabadilisha beringi za konrodi bila kuitoa injini. Ndiyo maana mtu akikwambia ni beringi tu, unadhani ni kazi ya mchana mmoja. Subaru haiko hivyo. Pistoni zake zimelala ubavu, mbili kulia, mbili kushoto, na krankishafti imebanwa katikati ya nusu mbili za bloki zilizofungwa pamoja kwa bolti. Kuzifikia beringi zake kama inavyopasa, utoe injini, utoe hedi zote mbili, uchomoe pini za pistoni kupitia matundu madogo ya bloki, ndipo uzitenganishe nusu zile. Maana yake ni kwamba ukishafika kwenye beringi, umeifungua injini nzima. Na ukishaifungua nzima, si haki kuirudisha na ringi zilizochoka na gasketi za zamani.

Kuna mambo ambayo mwenye karakana ya mashine lazima akuoneshe kwa mikrometa, asikueleze kwa mdomo. Kipenyo cha silinda ya EJ20 ni milimita 92, na mwendo wa pistoni ni milimita 75. Kama silinda imechubuka, inaweza kupanuliwa kidogo na kutiwa pistoni kubwa kidogo, robo au nusu milimita, lakini zaidi ya hapo kuta za alumini na mfuko wake wa chuma hazikupi nafasi kubwa. Hedi ikiwa imepinda kwa joto, inaskimiwa uso wake uwe sawa. Krankishafti ndiyo ya kuangalia kuliko vyote. Uso wake umetiwa ugumu wa juu juu kiwandani. Ukiusaga ili uweke beringi nene, waweza kuuondoa ugumu ule, na injini ikafa kifo kile kile kabla mwaka haujaisha. Kama imechimbika, mimi ningetafuta krankishafti nyingine iliyo salama kuliko kuisaga ile.

Na kuna usafi. Wasikilizaji, nalisema hili kwa uchungu. Injini ngapi zimejengwa upya chini ya mabati ya gereji iliyo kando ya barabara, malori yakipita na vumbi likipeperuka, bloki ikiwa wazi tangu Jumatatu hadi Ijumaa fundi akisubiri uingize pesa za ringi? Chembe ya mchanga ikikaa kwenye beringi, kazi yote imekwisha. Hapa ndipo kujenga upya kunapopata sifa mbaya. Watu husema, mimi nilijenga injini ikadumu miezi mitatu, sitarudia. Ukiwauliza ilijengwa wapi na nani alipima, wananyamaza. Kama huwezi kupata chumba kilichofungwa, meza safi na mtu anayepima kila kitu, basi usiijenge. Afadhali usubiri, uweke akiba. Gari lililokwisha kusimama miezi minane, likisimama na wa tisa halitaoza.

Sasa upande wa pili. Ni lini ununue injini nyingine? Kama konrodi imetoboa bloki ukaona mchana kupitia tundu, hapo hakuna cha kujengwa. Kama gari ndilo linalowapeleka watoto shule na kukupeleka kazini Westlands kila siku, na huwezi kukaa bila gari, ninakuelewa. Nunua. Lakini nunua kwa macho. Ukiweza, nunua nusu ya mbele ya gari, injini ikiwa bado imekaa na waya zake, kompyuta yake na turbo yake. Fungua kifuniko cha oili uone kama kuna matope ya kahawia. Mwaga oili iliyobaki, uipitishe kwenye kitambaa cheupe, utafute vumbi la shaba linalometameta. Toa plagi zote nne uzilinganishe. Mwombe muuzaji akuwekee kwa maandishi siku za kuijaribu ndani ya gari, na asiyetaka kuandika, mwache na injini yake.

Tena hakikisha ni injini ya gari lako kweli. EJ20 zote hazifanani. Za miaka ya tisini na zile za baada ya mwaka 2000 zenye kamshafti zinazobadilika zinataka waya na kompyuta tofauti, na nyingine zina turbo ya njia mbili inayodai mabomba yake yenyewe. Bei nzuri ya injini inaweza kumezwa yote na fundi wa umeme. Na wapo wanaoitoa turbo kabisa, wakaweka injini ya kawaida ya Legacy kwa sababu ni rahisi kupatikana. Gari litatembea, kweli. Lakini kwenye mwinuko huu wetu, injini isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja ya sita ya nguvu zake kwa wembamba wa hewa, na turbo ndiyo iliyokuwa ikikurudishia. Ulikuwa na WRX. Sasa unalo gari lingine lenye umbo la WRX.

Na hapa, msikilizaji mwenzangu, swali letu linarudi kwa mara nyingine, kwa nguvu zaidi. Ilikufa kwa nini? Kwa sababu kilichoua injini ya kwanza bado kimo ndani ya gari. Beringi inaposagika, vumbi lake la chuma husafiri na oili. Huingia kwenye kile kipoza oili kidogo kilichobanwa juu ya filta, huingia kwenye turbo, hukaa kwenye mabomba. Ukifunga injini nyingine na kipoza oili kile kile, umeilisha injini mpya mabaki ya ile iliyokufa. Kipoza oili hakisafishiki mpaka ndani, kitupe. Turbo ifunguliwe ikaguliwe. Radieta iliyoziba ikapasua gasketi mara ya kwanza itaipasua mara ya pili. Na kama iliuawa na petroli, je? Injini za Impreza STI za Japani zilipangwa kwa petroli ya kwao yenye okteni 100. Ya kwetu ya kawaida haifiki hapo. Bila mtu kuirekebisha kompyuta, mchanganyiko utalipuka kabla ya wakati wake, na pistoni zitapasuka kwenye ukingo wa ringi. Hapo unaweza kununua injini tatu mfululizo, na tatu zote zikafa.

Nataka niguse kidogo magari ya zamani zaidi, maana najua kuna mzee anayenisikiliza Karen mwenye Datsun 240Z chini ya paa lake. Mzee wangu, shikamoo. Datsun hiyo ilishinda Safari mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta. Injini yake ya silinda sita, L24, ina bloki ya chuma kizito kinachostahimili kupanuliwa, na mafundi wenye mvi wa mji huu wanaijua kwa vidole. Kwa gari kama hilo sina shaka hata kidogo: jenga ile ile, yenye namba ile ile. Magari ya umri huo yana mahali pake bado. Mashindano ya East African Safari Classic yalianza mwaka 2003, na pale Ngong Racecourse hufanyika maonyesho ya Concours d'Elegance. Anayeliona gari lako huko atainamia kwanza injini.

Jambo la namba linanipeleka kwenye karatasi, na karatasi watu huzisahau. Logibuku yako imeandikwa namba ya injini. Ukijenga upya bloki yako, namba haibadiliki, huna safari ya kwenda popote. Ukifunga injini nyingine, gari na karatasi hazisemi tena kitu kimoja. Polisi akifungua boneti, au ukitaka kuliuza, au bima ikija kukagua baada ya ajali, hapo utaulizwa. Kwa hiyo dai risiti ya injini na karatasi zake za kuingizwa nchini siku ile ile unapolipa, kisha uombe mabadiliko kwa mamlaka ya usafiri, NTSA, kupitia mtandao wa eCitizen na ulipeleke gari likaguliwe. Usiseme nitafanya mwezi ujao. Injini isiyo na karatasi huenda ilitolewa kwenye gari la mtu aliyeporwa, nawe ndiwe utakayekutwa nayo.

Na gharama? Sitawatajia bei, zinabadilika kila wiki. Lakini mtu akilinganisha, aweke kila kitu mezani. Upande wa injini ya mtumba aongeze gasketi, mkanda wa taiming, pampu ya maji, kipoza oili, fundi wa umeme na karatasi za NTSA, maana vyote hivyo vinatakiwa. Wengi hulinganisha bei ya injini tupu Grogan na bei ya kazi nzima ya kujenga, wakaona tofauti kubwa. Tofauti ya kweli ni ndogo kuliko hiyo, na kile unachobaki nacho baada ya kulipa ndicho kinachonifanya nichague kujenga: injini ambayo kila kipimo chake kimeandikwa kwenye karatasi uliyonayo mkononi.

Muda wangu unakaribia kwisha, kwa hiyo niseme la mwisho kwa yule ambaye gari lake linatoka kwa fundi wiki hii. Siku ya kwanza usiende Southern Bypass kulijaribu. Kabla ya kuwasha, injini izungushwe kwa stata plagi zikiwa nje mpaka presha ya oili ionekane kwenye geji. Ikishawaka, iendeshe kwa upole ukibadilisha mwendo, ukipanda na kushuka, bila kuishikilia kwenye mwendo mmoja na bila kuisukuma turbo. Baada ya kilomita chache za mwanzo mwaga oili ile, ikate filta, uikunjue karatasi yake juani. Ukiona vumbi jembamba la kijivu, hilo ni la kawaida kwa injini changa. Ukiona vipande vinavyometa vya rangi ya shaba, zima gari hapo hapo na umpigie fundi wako kabla hujaliwasha tena.